Mizani na Mafaili Mazito

Mizani alikuwa mtu wa kuchosha, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Jina hilo tulimpa wenyewe, kwa sababu hakuna faili lililopita mbele yake bila kupimwa. Likizidi uzito, alikuja mezani kwako na kikombe chake cha chai, akasimama, akapumua kwa pua, halafu akauliza kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi: "Nani kaleta hili gunia la mawe?"

Ni mimi. Kila mara alikuwa anajua ni mimi, na kila mara aliuliza.

Tulikuwa watu watano katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu, tukitengeneza masomo ya kusikiliza kwa ajili ya watoto wasioona. Kazi yetu yote ilikaa kwenye hifadhi moja ya kompyuta, na Mizani ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Hifadhi hiyo haisahau. Ukibadilisha neno leo, lile la jana linabaki nyuma, na ukitaka unalirudia. Lakini ukitia humo faili zito kisha ukalifuta, uzito wake nao unabaki kwenye historia, na kila anayeuchukua mradi anaubeba. Mimi nilikuwa fundi wa sauti, na sauti ni nzito. Ilifika mahali mradi unachukua asubuhi nzima kushuka kwenye kompyuta mpya. Mhariri wetu alikuwa akianza kuushusha, kisha anakwenda kusuka nywele.

"Maandishi yaje huku," Mizani alihubiri, "sauti ziende kwenye ghala la pembeni. Huku unaacha kikaratasi tu kinachosema mzigo uko wapi. Ugumu uko wapi?"

"Hakuna ugumu, kaka."

"Basi mbona hufanyi?"

Nilikuwa nasahau, basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, aliniambia, huku akiutazama mguu wangu kama anayetaka kuuvunja mwenyewe.

Jumatatu moja uvumilivu ukamwishia. Akatangaza kwamba anaiandika upya historia yote: kila sauti ataing'oa, ataipeleka ghalani, na mahali pake ataacha kikaratasi. Sisi kila mtu afute nakala yake ya zamani na achukue mpya, kwa sababu mmoja akirudisha kazi kutoka kwenye ile ya zamani, mawe yote yatarudi pamoja nayo.

"Umefuta?" aliniuliza mchana. Nikasema nafuta. Akaniuliza tena jioni, na kesho yake asubuhi kabla sijavua koti. Nikaona huyu sasa ananifanya mtoto. Nakala mpya niliichukua, lakini ile ya zamani niliipa jina la "usiguse" nikaisukumia nyuma ya picha za harusi ya binamu yangu. Wala sikuwa nimeona mbali. Nilikuwa nimechoshwa naye tu.

Mradi ukawa unashuka kwa dakika moja. Kwa wiki tatu Mizani alikuwa hashikiki, anapanda ngazi akipiga mluzi.

Ndipo shule zikaomba masomo arobaini ya kwanza. Mhariri akabonyeza somo la kwanza: kimya. Akalifungua, akakuta mistari mitatu ya maandishi, kikaratasi kinachosema mzigo uko ghalani. Tukaenda ghalani. Hamna kitu. Mtandao ulikatika katikati ya kupakia, na Mizani, aliyepima kila faili letu, hakurudi kulikagua ghala lake. Kompyuta yake alikwisha kuisafisha ili apate nafasi, na wenzangu, watiifu wale, walifuta zao siku ileile. Mganga hajigangi.

Ningecheka, kama nisingejua sauti yenyewe ni ya nani. Masomo yale aliyasoma dada mkubwa wa Mizani, mwalimu mstaafu, kwa miezi minne, katika chumba chetu cha nyuma tulichokitundikia magodoro ukutani. Alipomaliza tu, akapasuliwa koo. Tangu hapo anazungumza kwa kalamu na daftari dogo. Kurudia hakukuwepo.

Mizani alilifungua ghala tena, likawa tupu vilevile. "Dada nitamwambia nini?" alisema, si kwa yeyote kati yetu.

Nilikwenda mezani kwangu. Nakiri kwamba nilikuwa na raha fulani mbaya. Nikazisogeza picha za harusi. "Usiguse" ilikuwepo, na ndani yake masomo yote arobaini, mazima. Nikamwita.

Akatazama kioo cha kompyuta, kisha akanijia juu.

"Si nilikwambia ufute hii?"

"Uliniambia, kaka."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na ukasema umefuta!"

"Nilisema nafuta."

Akavua miwani na kuifuta kwa shati. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Wewe huambiliki," alisema. "Mungu akubariki, lakini huambiliki."

Siku hiyo alipakia sauti moja moja ghalani, na kila moja akaishusha tena na kuisikiliza kabla ya kugusa nyingine. Ijumaa akamleta dada yake azihakiki. Mama yule alivaa vipokea sauti, akafumba macho, akasikiliza somo la kwanza mpaka mwisho, nasi tumesimama kama wanafunzi wanaosubiri alama. Alipovivua aliandika kidogo, akamsogezea mdogo wake daftari. Nilisoma juu ya bega la Mizani.

"Nyumbani kila siku unalalamika kwamba sauti zinawalemea. Hii yangu ina uzito gani?"

Hakukuwa na faili zito kuliko lile katika mradi mzima. Nililijua mimi, na yeye alilijua hadi tarakimu ya mwisho.

"Si nzito, dada," Mizani alisema. "Wala uzito wake hatuusikii."