Kipima Mvua cha Jirani Yetu Mwingereza

Mwaka sitini na sita, mimi na bibi yangu tulikuwa na miaka miwili tangu tutoke Unguja, na tulikuwa tumepanga nyumba ndogo ndani ya ukuta wa mji wa Maskati. Nyumba ya pili alikaa Mwingereza mmoja na mkewe. Bwana alikuwa na kazi ya ofisi katika kampuni, na mkewe, memsabu, alikaa nyumbani akipigana na joto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kiingereza nilikisoma skuli Unguja. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini memsabu hakuwa na hata hicho, kwa hiyo mbele yake mimi nilikuwa mwanachuoni mkubwa. Akaniajiri nimfasirie kwa mpishi, kwa muuza samaki na kwa kila aliyebisha hodi.

Kitu cha mwanzo nilichojifunza katika nyumba ile ni kwamba Waingereza hawaamkiani kwa kuulizana hali. Huulizana hewa. Bwana akishuka asubuhi, shingo imemwiva kama nyanya, humwambia mkewe, "Leo kuna joto." Memsabu hutazama dirishani, akafikiri, akajibu, "Naam. Joto kweli leo." Na huo ulikuwa mwezi wa sita, Maskati, mji uliobanwa na majabali meusi yanayokunywa jua mchana kutwa na magharibi yakianza kulitapika. Nilipomhadithia Bibi, aliacha kupeta mchele.

"Kwani jana kulikuwa baridi?"

"La, Bibi. Jana pia walisema joto."

"Na kesho?"

"Watasema tena."

Bibi akatikisa kichwa. "Watu wenye subira hawa."

Vyakula vyao navyo vilikuwa na kalenda yake, na kalenda hiyo ilichapwa kwao. Kwa kuwa mwezi wa sita huko Uingereza ndio wakati wa kula bustanini, memsabu alikata vipande vya mkate vyembamba kama karatasi, akatia tango ndani, akaondoa maganda yote ya pembeni, akavipanga kwenye sahani ya maua na kutoka navyo uani. Dakika tano hazikwisha, mkate ulikuwa umekakamaa na tango limelala. Wakavila hivyo hivyo, huku wakisifiana ule upepo wa gharbi uliokuwa ukivuma kutoka jangwani kama mtu amefungua tanuri. Jumapili, jua la utosi, mpishi aliamrishwa kuchoma paja zima la mbuzi, na baada yake uje mkate mtamu uliochemshwa ndani ya kitambaa kwa saa tatu, umiminiwe uji wa manjano wa moto. Nilimletea Bibi kipande aonje. Alitafuna muda mrefu, akameza, akauliza kwa upole kama kuna mtu mgonjwa mle ndani.

Maganda ya mkate aliyachukua kwa kuku wetu. Hakufahamu kwa nini watu wazima wenye meno yao wakatiwe maganda.

Lakini kilichomshughulisha hasa ni bwana. Kwa kuwa mimi na Bibi tulilala juu ya dari, chini ya nyota, kukimbia joto, na dari letu na la jirani yaligawanywa na ukuta mfupi usiofika kiunoni, Bibi alimwona kila siku alfajiri ikishapambazuka. Saa kumi na mbili juu ya alama, bwana hupanda na kaptura yake na soksi zake ndefu, huenda kwenye pembe ya dari palipokuwa na mkebe wa shaba, huuinamia, hufunua, hutoa kichupa cha kioo, hukiinua kwenye mwanga. Kisha hukirudisha, hutoa daftari, huandika kitu kimoja tu, na hushuka.

"Anatafuta nini yule?" Bibi aliniuliza siku moja.

Nilimwuliza bwana mwenyewe. Uso ulimng'ara, maana kwa mambo mengine alikuwa mtu wa maneno machache. Kile ni kipima mvua, akanieleza. Kilikuwa cha baba yake, aliyepima mvua ya kijijini kwao miaka na miaka bila ya kuruka siku. Yeye mwenyewe amepima tangu yuko skuli. Huko kwao mwezi wa sita mvua humharibia kila mtu mipango yake, na hapana furaha kubwa kuliko kujua imeharibu kwa kiasi gani. Akanionesha daftari. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kurasa nzima za sifuri, zimepangwa sawa kama shanga, kila moja imeandikwa kwa uangalifu ule ule.

Nilimfikishia Bibi habari yote.

"Kila siku anatazama, na kila siku hamna kitu?"

"Hamna kitu, Bibi."

"Na mkewe anajua?"

"Anajua."

"Masikini wa Mungu," alisema Bibi. "Na mama mtu yuko mbali."

Mimi nilidhani maneno yamekwishia hapo.

Baada ya siku mbili tatu niliamshwa na ukelele kutoka dari la pili. Bwana alikuwa amesimama na kichupa mkononi, akimwita mkewe. Memsabu akapanda mbio, kichwa kimejaa vibanio vya nywele, akidhani mumewe ameumwa na nge.

"Robo inchi!" bwana alipiga kelele. "Robo inchi na zaidi!"

Nikapapasa godoro langu. Kavu. Nikatazama mbinguni. Hapana wingu hata la kufutia kamasi. Bibi alikuwa anakunja shuka zake pole pole, amenipa mgongo.

Bwana hakwenda kazini asubuhi ile, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa godoro langu ni kavu. Alinichukua mimi na daftari tukatoka kutafuta mashahidi, kwani yeye alikuwa amelala ndani, na mvua isiyoonwa na mtu haikumtuliza moyo. Wa kwanza alikuwa askari wa lango la mji. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu, bwana huyu anataka kujua kama alfajiri imenyesha mvua. Askari akamtazama bwana, akaona macho yale yanayotamani, akanitazama mimi, na adabu ikamzuia kusema la.

"Naam," alisema. "Imenyesha, alhamdulillahi."

Nikafasiri. Bwana akaandika. Muuza mikate aliposikia askari ameiona, na yeye akasema ameiona, tena kubwa. Mzee mmoja wa dukani akaapa kwamba imemlowesha kilemba, na akatuonesha kilemba, kikavu kama majani ya chai. Hata kabla ya saa nne mtaa mzima ulikuwa umerowa. Watu walianza kunisimamisha mimi kunipa pole kwa mvua, na mwingine akalalamika paa lake linavuja.

Tuliporudi, bwana alikuwa amekwisha kutunga barua kichwani ya kuwapelekea wataalamu wa hewa kwao. Kabla ya kuanza kuiandika, akaniletea kichupa.

"Hebu nusa," alisema. "Wewe unasikia harufu yoyote?"

Nikanusa. Kidogo nikidondoshe. Ilikuwa mawardi, maji ya waridi, na si mawardi ya dukani. Ilikuwa ile ya mlima wa Jabal Akhdar, inayopikwa kwa kuni wakati wa mawaridi na kutoka na harufu yake ya moshi. Chupa moja ya mawardi hiyo ililetwa kwetu mwezi uliopita, na Bibi alikuwa anaifungia kabatini.

"Mimi nasikia maua," bwana aliendelea, macho yamemtoka. "Na moshi. Nafikiri upepo umebeba harufu ya mashamba ya mlimani, ikachanganyika na mawingu. Hili halijapata kuandikwa popote."

Nilisema nna kazi nimeisahau nyumbani, nikakimbia.

Bibi alikuwa anachambua dagaa. "Bibi, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Ile mvua."

"Ndiyo mimi," alisema bila kuinua kichwa. "Kwani nimeiba? Nimemtilia kidogo apate cha kuandika. Maji ya kisima nimeona haya kumpa, jirani. Nikamtilia mawardi."

"Bibi, anaandika barua Uingereza!"

Hapo akaacha dagaa. Akanawa mikono, akavaa buibui lake, akatangulia mlangoni. Mimi nyuma yake, natafuta Kiingereza cha aibu nisikipate.

Bwana alikuwa mezani, kalamu mkononi, na mkewe pembeni. Bibi hakukaa.

"Mwambie mimi nilikuwa namwona kila siku anatazama, anakosa. Nikaona uchungu. Mwambie sikujua kama ni jambo la serikali."

Nikafasiri, na hapo pa serikali nikaparuka. Bwana akaweka kalamu chini. Shingo ikapanda rangi, ikafika masikioni. Memsabu alitazama chini, mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka sauti ilipomponyoka. Alikuwa anacheka hadi akashika meza. Bwana akamtazama mkewe, akatazama barua yake, akatazama kichupa.

"Muulize ametia kiasi gani," aliniambia.

"Mrashi huu wa kunyunyizia, mmoja na nusu," alijibu Bibi. "Nusu nyengine niliibakisha ya maulidi."

Bwana akachukua daftari, akaikata ile robo inchi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika sifuri. Kisha akachana barua. Nilimwonea huruma, kwa sababu hakuichana kwa hasira. Aliichana vipande sawasawa, kama mtu anayekata mkate. Halafu akainuka, akamvutia Bibi kiti.

Tokea siku ile walikuwa wakiamkiana ukutani. "Mvua?" Bibi huuliza, na hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilolijua bwana. "Hapana mvua," hujibu, na wote wawili huridhika.

Memsabu naye akataka kumkirimu Bibi. Akatualika chai, na tulipokwisha kukaa akaleta kifurushi. Ndani mlikuwa na sweta la sufu nzito, la kijani, lenye vifungo hadi kooni, alilolifuma kwa mikono yake kwa wiki tatu, joto lote lile, miguu ndani ya beseni la maji. Bibi akalipokea kwa mikono miwili. Na kwa kuwa alilelewa kwamba nguo ya zawadi huvaliwa mbele ya aliyeitoa, akalivaa. Akafunga vifungo vyote.

Tulikunywa chai ya moto. Memsabu alisema leo kuna joto. Jasho lilimtoka Bibi kwenye paji, likateremka puani, likadondoka kikombeni, na yeye hakukifungua kifungo hata kimoja.

"Mwambie nashukuru sana," aliniambia kwa sauti ndogo, akitabasamu. "Mwambie limenikaa vizuri. Kisha mwambie kwamba bibi yako ana udhuru, nnataka kwenda zangu kabla sijazimia."