Tulimwaga maji ya watu ili tuue mbu, homa ikazidi: yaliyotokea kijijini kwetu Tanga

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Huu mkasa nimeukalia muda mrefu. Leo nauweka hapa. Sina ninachouza, sitafuti sifa, na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na kijiji sitakitaja. Jueni kiko barabara ya Pangani, ukishaipita Tongoni. Wenyeji watakijua.

Mimi ni tabibu wa zahanati. Kijijini wananiita Dokta, nimeshachoka kukataa. Baba yangu aliletwa Tanga na mkonge kutoka Makete, sisi tukazaliwa kambini, kwa hiyo Kikinga chenyewe kinanipiga chenga. Nasema mapema maana kuna mtu lazima atauliza "mkuu wewe ni mtu wa wapi".

Halafu mjue mimi ni mtu nisiyetulia. Mke wangu Salome anasema hata nikiwa nakula natikisa mguu. Jambo lisipoingia akilini sikai.

Na hili halikuingia.

Ilikuwa masika inakaribia kukatika. Watu wakaanza kuja na homa kali, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama wamepigwa rungu. Napima malaria, hasi. Anayefuata, hasi. Benchi zima hasi.

Ukimwambia mtu "si malaria, meza panadol, kunywa maji mengi, pumzika", anakutazama kama umemtania. Panadol si anauza hata muuza genge? Anatoka kwangu anapitiliza duka la dawa, anachomwa sindano ya maumivu, jioni yuko kwenye shughuli zake.

Tukachukua sampuli, zikaenda mjini, jibu likarudi. Dengue.

Kwa wasioijua: inaletwa na mbu, ila si yule wa malaria. Huyu anauma mchana, na anapenda kutaga kwenye maji masafi ya nyumbani. Mapipa, ndoo, vifuu vya nazi vilivyotupwa uani, matairi. Na mgonjwa wake akichomwa zile sindano za maumivu anaweza kuanza kutoka damu.

Basi ikaja timu ya kampeni. Aliyeiongoza alikuwa afisa afya wetu, namwita Happy, Msambaa wa Lushoto, dada mchapakazi kwelikweli. Amri ikawa moja: hakuna maji kusimama uani kwa mtu. Pipa likikutwa na viluwiluwi linamwagwa pale pale.

Sasa hapo ni lazima muelewe habari ya maji ya pale.

Visima vina chumvi. Ukipikia chai unakunywa basi tu. Maji ya maana ni ya bomba, na bomba linatoka linapojisikia. Leo limetoka, kesho kimya, wiki nzima kimya, halafu linatoka saa ambayo wanawake wako baharini kwenye mwani. Kwa hiyo kila nyumba ina mapipa. Likitoka unajaza mpaka kikombe.

Nilikuwepo siku ya kumwaga. Nilimwona mama mmoja amelikumbatia pipa lake na mikono yote miwili, huku anawaambia wale vijana, "Hayo n'meyangoja tangu juzi, jamani." Likamwagwa. Maji yakaingia mchangani mbele ya macho yake.

Kwa kanuni za kazi, timu haikuwa na kosa. Ndivyo sote tulivyofundishwa.

Siku chache homa zikapungua. Nikapumua.

Halafu zikapanda. Zikapita pale zilipokuwa.

Nikaanza kuzunguka. Nafunga zahanati mchana, badala ya kwenda kula napita nyumba kwa nyumba. Nyua safi. Zimefagiliwa. Hakuna kifuu, hakuna pipa hata la dawa. Na ndani ya nyumba hizo hizo watu wamelala na homa. Nikawa narudi nyumbani nakaa, nasimama, nakaa. Salome akaniambia, "Ama uketi ama utoke, unanitia kizunguzungu."

Ndipo ikaja habari ya Mwanahamisi.

Mwanahamisi alikuwa binti wa Bi Time, mama mmoja anayeheshimika pale kijijini. Alikuwa mkulima wa mwani, mcheshi, ana mtoto bado ananyonya. Alikuja kwangu na homa. Nikampa maelekezo yale yale, nikamsisitiza: ukisikia tumbo linauma sana, ukiona damu popote, rudi haraka.

Akarudi nyumbani. Maumivu yakamzidi, na mwani ulikuwa umefika kuvunwa. Akaenda kuchomwa sindano.

Alipoletwa tena alikuwa nyuma ya bodaboda, katikati, kashikwa na kaka yake. Fizi zinatoka damu. Mikono ya baridi. Nikamtundikia dripu, nikapiga simu ya gari la wagonjwa, likaja, nikapanda naye. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu kapewa uji?"

Hatukufika mjini.

Wakuu, nimeona vifo. Hiki kilinikaa vibaya.

Kesho yake baada ya maziko nikiwa msibani, mjomba wa marehemu akanifuata tulipokaa wanaume. "Dokta, hebu njoo umwangalie dada, anasema moyo unamwenda mbio." Nikaingizwa chumbani. Bi Time amelala kitandani kwa mwanawe, mtoto yuko ubavuni pake.

Nikamwambia shikamoo, akaitikia kwa tabu. Nikampima presha. Wakati naikunja mashine, mbu wakaninyanyukia kutoka nyuma ya kitanda. Mchana kweupe. Si mmoja si wawili.

Nikachungulia. Nyuma ya kitanda, kati ya kitanda na ukuta, mapipa yamejipanga. Yamefunikwa kanga juu juu. Nikafunua moja.

Viluwiluwi vinacheza kama mchele unaochemka.

"Bi Time," nikasema, "haya maji yako humu tangu lini?"

"Tangu mlipokuja kumwaga."

"Na kwa majirani?"

Akanigeuzia uso. "Wadhani watu hapa wanywa nini, Dokta?"

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Kumbe hatukuwaondoa mbu. Tuliwahamisha. Walikuwa uani kwenye upepo, tukawaleta vyumbani, kando ya kitanda cha mama na mtoto wake, mahali ambapo Happy haruhusiwi kuingia kukagua. Tulivyozidi kumwaga ndivyo watu walivyozidi kuficha. Walivyozidi kuficha ndivyo homa ilivyozidi. Na homa ilivyozidi, sisi tukaongeza kumwaga.

Kuna semina moja nilihudhuria zamani, mada yake kufikiri kimfumo. Tulichoreshwa mishale siku nzima, nikaona wanatupotezea muda, nikasubiri chai. Jioni ile nilichukua chaki nikaichora ile mishale nyuma ya mlango wa stoo ya zahanati. Maji hayaaminiki, watu wanajaza, mbu wanazaliwa, homa, tunamwaga, watu wanaficha, homa. Mshale unarudi ulikotoka. Ni duara, na sisi watu wa afya tumo ndani yake tunalisukuma.

Nikabaki na swali moja. Kwa nini watu wanajaza mapipa mengi hivyo? Maji si kwamba hayapo kabisa. Shida ni kwamba hujui lini yatarudi.

Nikaenda kwa Chande. Huyu ndiye mwendesha pampu, mzee wa makamo, Mdigo, mpole. Nikamuuliza kwa nini hatangazi siku za maji.

Akacheka bila furaha. "N'lishatangaza mwaka mmoja. Siku ikafika umeme ukakatika. Unajua walinifanyaje?" Akanionyesha kovu juu ya nyusi. "Tangu hapo nafungua kimya kimya, najiondokea zangu."

"Na maji yanatosha?"

"Yangetosha. Lakini nikifungua tu, wa huku juu wanajaza mpaka sufuria. Tangi linakauka kabla ya kufika kwa wa bondeni. Kesho yake wa bondeni wananitafuta mimi."

Mnaiona hiyo? Chande anaficha siku kwa kuogopa kipigo. Kwa kuwa hawajui siku, watu wanajaza kupita kiasi. Kwa kujaza kupita kiasi tangi linakauka, siku zinavurugika, Chande anazidi kuogopa. Duara jingine, nalo limeshikana na la kwangu. Homa ya Mwanahamisi ilianzia mbali sana na mbu.

Nikamfuata Happy. Hakunipokea vizuri.

"Kwa hiyo unataka nikawaambie wakubwa tuache kumwaga maji wakati watu wanakufa?"

"Ndiyo."

"Wewe umechoka kazi?"

Nikamvuta mpaka kwenye mlango wa stoo. Akautazama ule mchoro akiwa amekunja mikono. Kisha akasema taratibu, "Ripoti yangu inahesabu mapipa yaliyomwagwa. Haina sehemu ya yaliyofichwa."

Tukaitisha mkutano shuleni. Wakuu, ule mkutano ulikuwa fujo. Wa juu wanawarushia maneno wa bondeni, wa bondeni wanamtaka Chande, mwenye duka la dawa anasema mimi naua biashara yake, mwingine anapiga kelele kwamba dengue tumeileta sisi na sindano zetu. Mwenyekiti anagonga meza hasikiki.

Bi Time akasimama. Kelele zikapungua zenyewe.

"Mie mapipa yangu nayatoa nje leo," akasema. "Nitayasugua, nitayafunika. Lakini atakayekuja kuyamwaga, animwage mie kwanza."

Happy akainuka. "Hamwagi mtu, mama. Nasema mbele ya wote."

Bi Time akamgeukia mwendesha pampu. "Na wewe Chande, tupe siku. Ukishindwa, njoo useme umeshindwa. Hapigwi mtu."

Ndivyo tulivyokubaliana. Juu siku zao, bondeni siku zao, zinatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, na Jumapili kule kigangoni kwetu sisi Wakristo. Mapipa yanarudi uani. Kabla ya siku ya maji yanasuguliwa kwa makumbi ya nazi na mchanga, maana mayai ya huyu mbu yanagandia ukutani mwa pipa, ukimwaga maji tu yanakungoja ujaze tena. Kisha unafunika kwa kitambaa kizito na kufunga kwa mpira. Mwenye duka la dawa akakubali kwa shingo upande: mwenye homa kwanza aje apimwe, sindano ya maumivu hapana.

Msidhani ikawa raha mustarehe.

Siku ya kwanza kabisa ya ratiba, transfoma ikalipuka.

Nikakimbilia kwenye pampu, Chande hayupo. Kwake hayupo. Katoroka! Watu wameshaanza kukusanyika na ndoo, na baadhi nyuso zao hazikuwa nzuri.

Aliyekwenda kumtafuta ni Bi Time. Alimkuta kwa wakwe zake, kijiji cha pili, kajilaza anasema mgongo unamuuma. Sijui alimwambia nini. Ninachojua walirudi pamoja, Chande nyuma yake kama mtoto aliyekwepa shule, wakaenda moja kwa moja msikitini akapewa kipaza sauti.

"Mie Chande. Maji leo hayapo. Umeme umeharibika. N'takuja tena hapa kesho kusema."

Nikaangalia umati.

Mtu mmoja akasonya. Mwingine akachukua ndoo yake akaondoka. Halafu wote wakaondoka.

Kesho yake akaja kweli, akasema tena. Umeme uliporudi, wa juu walijaza kiasi wakafunga koki. Si wote, lakini wengi. Na maji yakafika bondeni. Naamini siku ile ndiyo iliyobadilisha mambo, kuliko dawa yoyote niliyowahi kugawa.

Homa zikashuka. Sitasema ni sisi tu, mvua nazo zilikuwa zimeisha. Ila vuli iliyofuata benchi langu halikujaa tena namna ile, na Happy alikuwa anaingia uani kwa watu anakaribishwa chai.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona tatizo linakua kila unapolipiga, acha kupiga kwa nguvu zaidi. Kaa chini uangalie kama mkono wako nao ni sehemu ya tatizo. Usiulize tu watu wanakosea wapi, uliza wanaogopa nini. Chande aliogopa kipigo, wanawake waliogopa kiu, Happy aliogopa wakubwa zake, mimi niliogopa benchi langu kujaa. Kila mmoja alifanya jambo la akili kwa upande wake, yakajumlishwa yakawa msiba.

Lakini kuna kitu bado hakijakaa sawa kwangu, na ndiyo hasa sababu ya uzi huu.

Juzi Bi Time alimleta mjukuu wake kliniki. Mtoto anatembea sasa, anavuta kila kitu mezani kwangu. Tulipomaliza akabaki amekaa. Nikajua ana neno.

"Dokta, nikuulize. Nani kamuua mwanangu?"

Nikaanza kumweleza. Mbu, mapipa, bomba, sindano, vile mambo yalivyoshikana. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtulivu kabisa. Kisha akasema:

"Hayo yote nayajua, n'likuwepo. N'lotaka ni jina. Nikiswali usiku nataka nijue namsamehe nani."

Nikamrudishia kadi ya mtoto.

Aliniaga vizuri, akambeba mtoto mgongoni akaenda zake.

Wakuu, ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti ungemjibu nini? Nasoma majibu yote, hata ya wale wa kunitukana.