Jedwali Langu Halikuwa na Eda

Lile jedwali nililitunga mimi mwenyewe. Nianzie hapo, maana kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaambia watu kuwa lilikuwa la bosi. Bosi, wakili mzee aliyenipokea ofisini kwake Korogwe, alikuwa na daftari lake la jalada gumu na kichwa kisichosahau. Ukimtajia mteja, anakwambia kesi yake, kijiji chake na hata mpaka anaougombania. Mimi ndiye niliyerudi kutoka semina kichwa kimevimba, nikamwambia kuwa ofisi haiendeshwi kwa kukumbuka. Lazima tupime.

Basi tukapima. Kila faili likawa na mstari wake kwenye kompyuta: siku lilipofunguliwa, mara ngapi mteja amepatikana, siku lilipofungwa. Faili likikaa muda mrefu bila kufungwa, mstari unageuka mwekundu. Likifungwa, kijani. Ukutani tulibandika karatasi ya kueleza rangi hizo, na wateja nao wakazizoea. Kila Jumatatu tulikaa mawakili watatu na karani, mwenye nyekundu nyingi anajieleza. Nilizipenda sana Jumatatu hizo, kwa sababu wa kujieleza hakuwa mimi. Wenzangu wakanibandika jina la Mchicha kwa ukijani wangu. Nilijifanya naudhika, lakini moyoni nilikuwa naona raha.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Kabuku. Alikuwa na shamba la michungwa aliloachiwa na baba yake, na ndilo lililokuwa likimlisha. Jirani akadai kuwa marehemu aliwahi kumuuzia. Mama akashindwa kwenye baraza la ardhi. Alinijia na mumewe, nikawaambia tutakata rufaa Mahakama Kuu, tuna siku arobaini na tano, wakitulia hakuna kitakachoharibika. Wiki moja baadaye akanipigia simu.

"Mwanangu, mzee wangu ametutoka," alisema. "Nimekaa eda, sitoki mpaka iishe. Rufaa nimekuachia wewe."

Nikampa pole, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na mtu asije akasema sikuelewa. Mimi ni mtoto wa Kiislamu, mzaliwa wa Handeni. Mama yangu alimkalia baba yangu eda, miezi minne na siku kumi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwajibu wageni mlangoni.

Halafu, rufaa yenyewe haikumhitaji atoke. Nilitakiwa nifuate nakala ya hukumu, niandike sababu, niweke saini yangu. Kazi ya siku mbili, tatu ukijivuta. Lakini rufaa ikishafunguliwa hukaa mwaka, hukaa miwili, na muda huo wote kungekuwa na mstari mwekundu kwenye jina langu. Nikawa naisogeza mbele. Wiki hii nina kesi Magoma, wiki ijayo ninafunga hesabu ya mafaili.

Mwisho wa mwezi karani akawapigia wateja wote simu, kama utaratibu wangu ulivyotaka. Ya yule mama haikupokelewa mara tatu. Karani akaniuliza aandike nini. Nafasi zilikuwa tatu tu: anaendelea, amemaliza, hapatikani. Ukichagua hapatikani, faili linafungwa na mstari unakuwa kijani. Nikamwambia aandike hapatikani.

Jamani. Katika wateja wangu wote hapakuwa na mtu aliyekuwa akipatikana kama yule. Alikuwa amekaa nyumbani kwake Kabuku, sehemu moja, miezi minne na siku kumi. Ningepanda basi asubuhi ningemkuta. Nilijiambia nitalifungua tena faili lake mwezi ukianza. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Nililiona kila Jumatatu, nikalipita.

Eda ilipokwisha, alikuja. Alikuwa amekonda, na ameniletea mfuko wa machungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akavuta kiti kuja upande wangu ili aone kompyuta. Nikaufungua ule mstari.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wa kwangu ni kijani."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema. Nikamwambia tumechelewa kidogo, tutaomba mahakama ituongezee muda. Kisha nikakaa nikamwandikia hati ya kiapo, na nikijua kabisa kuwa uzembe wa wakili haukubaliki kirahisi mbele ya jaji, nikaandika kwamba kilichochelewesha rufaa ni eda ya mwombaji. Niliiandika vizuri, tena kwa lugha ya heshima. Nikamsomea harakaharaka, akaweka dole gumba, akanishukuru. Aliponyanyuka, karani akamwingiza tena kwenye jedwali kwa ajili ya maombi hayo. Likanihesabia mteja mpya.

Siku ya kusikilizwa tulikwenda Tanga pamoja. Yeye akakaa benchi la nyuma yangu. Nikasimama, nikaeleza eda ni nini na jinsi mjane anavyoiheshimu, nikaona naeleweka. Jaji alisoma kile kiapo mpaka mwisho, akanitazama.

"Wakili," akauliza, "na wewe ulikuwa eda?"

Hakuuliza kwa ukali. Nikasema hapana, Mheshimiwa Jaji. Shauri lote lilizungumzwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mama alisikia kila neno. Maombi yakatupwa.

Nje nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze. Alijifunga mtandio wake, akaniuliza machungwa yaliyoko mitini sasa hivi ni ya nani. Nikamwambia ni ya jirani.

"Basi yale niliyokuletea ndiyo yalikuwa ya mwisho," akasema.

Tulikuwa tumeyala ofisini, Jumatatu, tukiangalia rangi.