Dawa ya Mlango wa Pili

Kazi yangu ni kuumwa. Sitanii.

Chuo cha udaktari huniita siku za mitihani. Nakaa kwenye kiti, najifanya mgonjwa, wanafunzi wanaingia mmoja mmoja kunihudumia. Kengele ikilia, anatoka huyu anaingia mwingine. Mwalimu wao anakaa pembeni na karatasi ya maksi, kanuna utadhani kalishwa ndimu.

Siku hiyo nilikuwa mama mwenye kisukari asiyefanya mazoezi, na wao walitakiwa wanishauri. Sababu yangu nilishapangiwa. Nikiulizwa, nijibu, "Uvivu tu, daktari." Marufuku kuongeza neno.

Uvivu. Mimi.

Ndugu zangu, muda huohuo kule nyumbani, ghorofa ya nne, nilikuwa nimemfungia mume wangu kwa nje. Kiharusi kilimwachia miguu kikamchukulia kumbukumbu. Aliwahi kutoka, nikamkuta katikati ya barabara anaongoza magari. Tangu hapo nikitoka nafunga. Ufunguo nauficha kwenye sidiria, na kila nikivuta pumzi unanichoma.

Nisipotoka hatuli. Nikitoka, roho inabaki mlangoni. Aliyefungwa ni yeye au ni mimi, nilishashindwa kujua.

Basi wanafunzi wakaja. "Mama, utembee nusu saa kila siku." Haya, asante daktari. "Mama, uwe unapanda ngazi." Nazipanda na ndoo kichwani, mwanangu, nikasema moyoni. Mwingine akaniambia nijiunge na kikundi cha mazoezi. Nikatabasamu kivivu, kama nilivyoelekezwa.

Ndipo akaingia kijana ambaye wenzake wanamwita Taratibu. Si kwa sifa. Nilishawasikia koridoni wakimteta: mtihani huu alishaanguka, akianguka tena anarudia mwaka mzima.

Akakaa. Akaweka kalamu chini. Mwalimu akatazama saa.

"Mama, kwani hutembei kwa nini?"

"Uvivu tu, daktari."

Akaangalia viatu vyangu. Soli zimelika upande mmoja.

"Hivi si viatu vya mvivu," akasema kwa upole. "Kuna nini nyumbani?"

Nikisema ukweli, kibarua kimeota nyasi, na huyu mtoto wa watu namharibia mtihani. Nisiposema, napasuka.

Nikasema. Yote, mpaka ufunguo ulipo. Nililia pale mbele ya mwalimu mpaka aibu ikaniisha.

"Hakuna wa kukaa naye?"

"Watoto wako mbali."

"Mlango wa pili anakaa nani?"

"Mwanamke mmoja. Hatusalimiani."

"Kisa?"

"Kamba ya kuanikia nguo."

Hakucheka. "Basi mazoezi tuyaweke kando kwanza. Leo ukifika, kapige hodi kwake. Umsalimie tu. Dawa yangu ndiyo hiyo."

Kengele ikalia.

Mwalimu akaniita pembeni. "Hajataja hata dakika za kutembea. Huyo kaanguka. Na wewe mama umetoka nje ya maelekezo."

"Wote waliomtangulia nimewadanganya wakakubali," nikamwambia. "Yeye peke yake ndiye aliyenishtukia. Muangushe, lakini ujue unayemuangusha."

Akarudi kwenye karatasi yake ya maksi. Nikajua kazi sina tena.

Nikarudi nyumbani nimefura. Salamu ndiyo dawa? Kwa yule mwanamke? Nilizipanda ngazi nikisonya hadi ghorofani kwangu, na hapo nikaganda.

Nje ya mlango wangu kulikuwa na kigoda. Adui yangu kakikalia, anamenya viazi, anaongea na mlango. Na mlango unamjibu. Sauti ya mume wangu, inacheka.

"Ukitoka huwa anakuita," akasema bila kuinua uso. "Nikaona si vizuri aite peke yake."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kufunga."

Siku zote hizo mimi nilidhani anatulizwa na redio ninayomwachia. Nikakaa palepale kwenye ngazi.

"Habari za hapa, jirani," nikasema.

"Nzuri. Umechelewa kusalimia."

Nikauchomoa ufunguo kifuani, wa moto bado, nikamwekea mkononi.

Juzi chuo kikaniita tena. Kumbe mwalimu alikwenda kumwombea kijana arudie somo lile moja tu, si mwaka, na akataka mgonjwa awe mimi. Taratibu akaingia, akanitajia dakika zote neno kwa neno kama wanavyotaka. Kafaulu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na ile dawa yangu, mama, uliitumia?"

Mwalimu alikuwa anasikiliza. Safari hii hakutazama saa.

"Leo nimekuja kwa miguu, daktari. Ufunguo anao jirani."

Nyinyi mnaosomea udaktari, kabla hamjamwambia mtu atembee, muulizeni kwanza ufunguo wake kaushika nani. Na wewe mwenye ugomvi wa kamba, acha kusoma hapa, nenda kapige hodi.