Lugha Isiyogusa Midomo

Lugha niliyoitunga nikiwa chuoni ilikuwa na kasoro moja: hakuna aliyeweza kuitamka, hata mimi. Nilikuwa nimeijaza konsonanti tatu tatu zilizobanana, kwa sababu zilipendeza nikiziandika kwenye simu. Nilipomaliza masomo nikaja Kahama kwa dada yangu, fundi cherehani, nikisubiri ajira na kujiuliza kila siku kama ile ni lugha kweli au ni ugonjwa wa mtu mwenye muda mwingi. Nilijiambia kwamba jibu nitalipata siku nitakapoisikia ikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Nikamwomba dada ajaribu neno moja.

"Mdogo wangu, hilo ni neno au kikohozi?" akasema, akarudisha pini zake mdomoni.

Hapo ndipo nilipoona. Dada hubana pini kwa midomo akiwa kazini, na bado anaongea kutwa. Sauti zinazompotea ni zile za midomo tu: m, p, b, f, v. Mteja anayeitwa mama, kwake anakuwa nana.

Nikabomoa kila kitu. Nikabakiza t, d, k, g, s, l, n na h. Irabu zikawa a, e, i, maana o na u huviringisha midomo na pini zingeanguka. Nikaongeza nh ya Kisukuma, ile inayotoka puani pamoja na pumzi, tuliyoizoea tangu kwa bibi. Kisha nikaanza kuhofia kwamba s itazipuliza pini. Nikaweka pini mdomoni mwangu, nikasimama mbele ya kioo, nikasema s mpaka nikajichoma ulimi. Hazikutoka! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Dada akayashika maneno machache kwa utani. "Hena" ni tazama. "Dake" ni ngoja. Lakini alirudia tu niliyomwambia, na kurudia si kuongea. Wasiwasi ukanirudia.

Halafu akaja mnunuzi wa dhahabu kutoka machimbo ya Mwakitolyo kupimwa kaunda suti. Dada alikuwa na pini mdomoni. Akamzungushia futi kiunoni, akasita, akanigeukia.

"Hena," akasema. "Nhideki."

Sikuwahi kutunga neno hilo. Nikalipitia haraka kichwani, silabi kwa silabi: nhi, de, ki. Hakuna midomo iliyogusana, hakuna irabu iliyokosewa. Nikatazama alikonielekeza. Yule bwana alikuwa amevuta tumbo ndani na kuzuia pumzi, mkanda wa suruali unaning'inia.

"Dake," nikamjibu dada. Ngoja.

Tukangoja wote wawili. Uso wa mteja ukaiva. Mwishowe akapumua, tumbo likarudi mahali pake, na dada akasoma futi bila hata kutabasamu.

"Fundi, mnaongea Kizinza gani hicho?" mteja akauliza. "Mimi Mzinza, sijakielewa."

"Cha nyundani," dada akajibu kupitia pini, akimaanisha nyumbani.

Mteja alipoondoka, nikamgeukia. "Dada, nhideki ni nini?"

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha sindano.

"Mtu anayebana tumbo akipimwa," akasema. "Wewe vipi, hujui lugha yako?"