Pepo wa Chumba cha Nyuma

Mvua ilipozidi na Mto Tana ukafurika, sisi wa Garissa tulilalamika kwa sauti ya chini. Mtu aliyeomba mvua maisha yake yote huona haya kuisema vibaya. Nyumbani kwetu maji hayakuingia mlangoni. Yalipanda polepole ndani ya ukuta wa chumba cha nyuma, rangi ikababuka, na nyuma ya kabati kukaota ukungu mweusi. Hatukuuona, kwa sababu kabati lile halikuwahi kusogezwa tangu niolewe.

Chumba hicho ni cha mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Ayeeyo, yaani bibi. Binti yangu mdogo hulala naye. Ayeeyo alikulia upande wa Sangailu, katika kibanda cha mikeka, ambako maji hutafutwa kwa punda. Ukuta ulipolowa aliupapasa kwa kiganja, akasema alhamdulillahi. Uvundo ulipoanza alifunga dirisha kwa ajili ya mbu, akafukiza uunsi, ule ubani wetu wa wanawake, mpaka chumba kikanukia harusi. Chini ya harusi hiyo uvundo uliendelea na shughuli zake.

Binti akaanza kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Siku moja nikiwa kazini Ayeeyo alimpeleka zahanati mwenyewe. Alirudi na dawa ya kuvuta kwa mdomo na uso mzito, akaniambia kwa Kisomali kwamba daktari amesema nyumba yetu ina jini.

Daktari yule ni kijana wa bara, mtu wa kanisa. Tangu lini akawa anaona majini? Nilibisha, nikashindwa kama kawaida. Uunsi ukaongezwa, na nyufa za dirisha zikazibwa kwa vitambaa ili jini asipate pa kurudia. Kisha Ayeeyo akamwita maalim wa madrasa ya jirani aje kusoma.

Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake, akivuta pumzi hadi mbavu zinahesabika. Niliogopa kumpoteza. Sina namna nyingine ya kulisema. Maalim alisoma kidogo, akakohoa, akasoma tena, machozi yakamtoka. Akaegemea kabati, nalo likasogea. Sote tukauona ukuta, mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua cha maalim.

"Ayeeyo," alisema akifuta macho, "jini wako nimemuona. Ametoka kwa maji. Toeni mtoto nje kwanza."

Nilimbeba hadi barazani, nikampa ile dawa, nikamsubiri. Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Asubuhi tulikwenda zahanati sote watatu, Ayeeyo akiwa mbele, maana alikuwa na kesi.

"Daktari, si wewe ulisema nyumba yangu iko na bebo?"

"Pepo? Mama, nilisema upepo! Nyumba yenu haina upepo. Fungueni dirisha."

"Ubebo."

"Ndiyo, mama. Upepo."

"Sasa mbona ulisema bebo?"

Kijana wa watu alinitazama aniokoe. Nikawa naichunguza dari. Baadaye alitueleza taratibu kwamba ukungu hurusha vumbi jepesi lisiloonekana, likaingia kifuani, na moshi wa uunsi huzidisha tu. Ayeeyo alisikiliza, kisha akamkumbusha kuwa katika kibanda cha mikeka hakuna ukuta wa kuota kitu, na upepo hauombi ruhusa. Daktari alikubali. Wote hukubali mwishowe.

Mume wangu alichimba mfereji wa kupitisha maji nyuma ya nyumba, akakwangua ukuta na kuuacha ukauke kabla ya kupaka rangi. Kabati sasa linasimama mbali na ukuta, na chetezo cha uunsi kimehamia uani. Binti alilala chumbani kwetu mpaka kazi yote ikaisha.

Siku hizi, kila kukicha, Ayeeyo husukuma dirisha na kuita kwa Kiswahili, kwa heshima ya daktari wake: "Bebo, karibu! Ingia, ingia!" Jirani mpya, mke wa mwalimu aliyehamishwa kutoka bara, ameacha kupita upande wetu wa njia. Binti yangu hucheka kitandani mpaka anajikunja. Nami husimama mlangoni nikitega sikio, nikingoja kikohozi kimkate kicheko katikati. Hakimkati. Anacheka mpaka mwisho.