Kidevu juu ya Utosi

Ninapogawanya nywele za mtoto hapa hospitalini ili nipake ile dawa nzito ya kushikizia nyaya za kupimia ubongo kichwani, harufu yake ya mafuta hunirudisha Kamina, kule Kongo, kwenye baraza yetu, wakati wa vita.

Mama alikuwa anamsuka dada yangu mdogo, aliyezaliwa kiziwi, vidole vikimeremeta mafuta ya ngazi, yaani mawese. Ndege ya jeshi ikapita chini, mabati yakatetemeka, na dada akashtuka kwa mtetemo ule. Mama akakaza kidevu chake juu ya utosi wa dada, akavumisha wimbo wa Kiluba, polepole, midomo imefumbwa.

“Mama, huyu mutoto hasikiaka,” jirani akasema. “Unamuimbia nini?”

“Anasikiaka. Angaliya mukono yake.”

Kiganja cha dada kilikuwa kinapiga goti, sambamba na wimbo. Mama alipotulia kuvuta pumzi, kiganja nacho kikangoja hewani.

Mtoto niliye naye leo amepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, ila hajaweza kutuambia kama kinamfikishia chochote, kwa hiyo tunauliza mawimbi ya ubongo wake. Mama yake ameketi pembeni, mkoba ameukumbatia. Sauti inarudiwa tena na tena, mpaka kwenye mstari wa skrini kinachomoza kilima kidogo, jibu la ubongo wake.

“Iko anasikia kweli?” ananiuliza, macho yakiwa sakafuni.

Ninamsogezea kiti mbele ya skrini.

“Angaliya,” namwambia.

Anauweka mkoba chini.